Waipa ya Kamba

Okwara na mkewe Roselida walikaa Busia. Walikuwa na pikapu moja, Pijo 404 kuukuu. Kila siku ya soko walileta samaki kutoka Sio Port. Okwara aliendesha gari. Roselida aliuza samaki, na njiani alifanya kazi ya waipa.

Usicheke. Mota ya waipa ilikuwa imeungua. Kosa halikuwa la gari. Okwara alizoea kuwasha waipa kwenye kioo kikavu ili zikwangue matope, mpaka siku moja mota ikatoa moshi. Basi akafunga kamba ya katani kwenye waipa. Ncha moja ilipita dirisha lake, nyingine dirisha la Roselida. Mvua ikinyesha, mume anavuta, mke anavuta.

"Vuta, mama!"

"Nimevuta! Sasa ni wewe!"

"Na usukani nishike na meno?"

Asubuhi moja ya Aprili mvua ilikuwa kubwa. Karibu na Namboboto mkono wa Roselida ulichoka. Kioo kikawa cheupe. Mzee Methuselah alikuwa anakuja na baiskeli, na Okwara hakumwona. Mzee aliruka mtaroni, yeye na baiskeli yake. Alitoka amejaa matope hadi kwenye kofia.

"Okwara! Unataka kunizika na nyumba yangu bado haina paa?"

Roselida alifungua kamba yake, akaiweka juu ya mapaja ya mumewe.

"Nusura tuue mtu," alisema. "Mimi siingii tena gari hii kama waipa ni kamba. Samaki yangu itabebwa na gari ya Ochuodho."

Kesho yake Okwara alikwenda Malaba. Huko, nyuma ya maegesho ya malori, watu walifungua magari mabovu na kuuza vipande. Mota iliyoungua aliiacha garini. Alibeba kichwa chake tu, na kichwa hicho hakikuwa na vipimo.

"Boss, uko na mota ya waipa ya Pijo 404?"

"Iko. Hii imetoka kwa gari ya Zaire. Nzima kabisa."

"Pijo ni Pijo," Okwara alisema, akalipa. Alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Aliifunga mota. Skrubu ziliingia vizuri. Aliwasha, waipa zikacheza. Roselida alipiga makofi. Kisha Okwara akazima. Waipa zilisimama wima, mbele ya macho ya dereva. Akawasha, akazima tena. Wima vilevile, kama askari wa zamu.

"Si neno," alisema. "Nitaziacha zicheze tu."

"Hata jua likiwaka? Si ndivyo uliunguza ile ya kwanza?"

Jirani yao Opolot alisikia kelele. Alikuwa fundi wa umeme wa magari huko Malaba, na maneno yake yalikuwa mengi kuliko nyaya. Alikuja na kikombe chake cha chai mkononi.

"Hii imetoka wapi?"

"Gari ya Zaire."

"Ndiyo maana. Kule usukani iko kushoto, hapa kwetu iko kulia. Ndani ya mota kuna swichi ya kuonyesha waipa mahali pa kulala. Hii inalala kwao."

"Lakini matundu yamelingana!"

"Hata kofia yangu inakuingia. Sasa wewe ni Opolot?"

Roselida alicheka mpaka akakaa chini.

"Mota ya zamani ulienda nayo?" Opolot aliuliza.

"Hapana."

"Ulienda kununua kiatu, mguu ukauacha nyumbani!"

Asubuhi walikwenda Malaba pamoja, wakabeba mota zote mbili. Muuzaji alinung'unika, lakini akakubali kubadilisha.

"Una bahati," Opolot alimwambia Okwara. "Siku ingine patana kwanza kama kitu inarudishwa. Sasa weka ya zamani hapa, tulinganishe. Soma hiki kibati kwenye mota. Volti kumi na mbili. Ya lori ni ishirini na nne. Ukifunga hiyo kwako, itatembea kama konokono. Hesabu nyaya. Pima matundu. Halafu uliza usukani ya hiyo gari ilikuwa upande gani."

Okwara alipata mota iliyotoka kwa gari la Kenya. Kila kitu kililingana na ile ya zamani. Alitaka kuondoka.

"Bado!" Opolot alisema. "Jaribu na betri hapa hapa. Ikikataa ukiwa nyumbani, utamrudishia nani?"

Mota ilizunguka bila kelele, bila harufu ya kuungua.

Siku ya soko mvua ilinyesha tena. Roselida alipanda gari. Mikono yake haikuwa na kazi, basi akala mandazi. Waipa zilifuta kioo, na mvua ilipopungua Okwara akazima, zikalala chini, mahali pake.

Karibu na Namboboto Okwara aliona baiskeli mbali sana. Akapunguza mwendo. Methuselah naye aliona pikapu. Akaruka mtaroni.

Roselida alitoa kichwa dirishani. "Mzee, toka! Leo tumekuona!"

"Nyinyi mmeniona leo," mzee alijibu kutoka mtaroni. "Mimi nawajua tangu juzi."