Sifuri Kwanza

"Tisini na moja!"

Nesi hakusema, alinadi. Ukumbi mzima wa zahanati ukasikia: akina mama waliopakata watoto, wazee waliokuwa wakisinzia kwenye mabenchi, hata muuza maji aliyesimama mlangoni. Msusi alibaki juu ya mizani, viatu mkononi, gauni lake la zambarau limembana kiunoni, akitamani ardhi ipasuke immeze.

"Dada, funga mdomo," nesi akaendelea huku akiandika. "Soda hizo na mikate hiyo vitakuua."

Soda! Mtu ana miezi minane hajaonja soda. Jana yake alilala na tunda moja tumboni, na asubuhi hiyo alikunywa maji matupu. Miaka miwili alikuwa akija pale kueleza kwamba anaamka amechoka, kwamba anatetemeka kwa baridi wenzake wakijipepea, kwamba nywele zinabaki kwenye kitana na hedhi inakuja ikipenda. Na kila mara jibu ni lile lile: punguza kula. Hivi angekuja na mguu uliovunjika, si wangemwambia vivyo hivyo?

"Samahani, nesi." Sauti ilitoka chini. Mwanamume mmoja alikuwa amepiga magoti kando ya mizani ya watoto, bisibisi mkononi, shati lake la bluu lina kalamu tatu mfukoni. "Mshale wa mizani hiyo ulikuwa kwenye nne kabla dada hajapanda. Ndiyo maana mmeniita. Sifuri kwanza, halafu ndipo mpime."

"Haya, themanini na saba," nesi akabetua midomo. "Nazo si nyingi?"

"Ziwe nyingi, ziwe chache, hizo ni zake," fundi mizani akajibu. "Zile nne zilikuwa zenu."

Ukumbi ukaangua kicheko, na safari hii hawakumcheka msusi. Alipoelekea chumba cha daktari fundi akamfuata, akasema ana dada yake anatafuta mtu wa kumsuka, je, angeweza kupata namba? Msusi akampa. Fundi hakuwa na dada. Alikuwa na kaka watatu, wote vipara.

Siku hiyo Mungu alisaidia, msusi akakutana na daktari mgeni, binti mdogo tu, ambaye kabla ya kusema lolote alimpapasa shingo kwa vidole viwili. Kisha akauliza, akasikiliza, akaagiza damu na picha ya tumbo. Wiki moja baadaye majibu yakatoka.

"Tezi yako ya shingo, thairoidi, imezembea kazi," daktari alisema. "Na ovari zako zina vifuko vidogo vingi, homoni zimevurugika. Ni magonjwa mawili, dada. Hakuna hata mmoja uliouleta kwa mdomo wako."

Akampa dawa mbili. Ya kwanza ni kidonge cha tezi, kila asubuhi tumbo likiwa tupu, kisha angoje saa moja ndipo anywe chai au ale. Ya pili ni vidonge vya uzazi wa mpango, vya kuirudisha hedhi kwenye mstari. Msusi alilia pale pale kwenye kiti. Alilia kwa hasira, wala si kwa huzuni. Miaka miwili amejinyima chakula bure!

Simu nazo zikaanza.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Ni mimi, fundi mizani. Dada yangu anauliza saluni inafungwa saa ngapi."

"Mwambie dada yako mwenye sauti nzito inafungwa saa kumi na mbili."

"Basi atakuja saa kumi na moja na nusu, na maua."

Kwenye simu yake msusi akamwandika "Sifuri". Fundi naye akamwita "Gramu". "Kilo ni za viazi," alimwambia. "Dhahabu hupimwa kwa gramu." Maneno ya kipuuzi, lakini msusi alikuwa akiyarudia peke yake akifagia nywele za wateja, anacheka hadi wanamuuliza kulikoni.

Jambo moja tu hakumwambia. Kila asubuhi kabla ya kufungua saluni alijifungia na kioo na kibano, akang'oa ndevu zilizoota kidevuni. Kisha akafunga kilemba kufunika palipopukutika utosini. Wateja walinong'ona, mganga hajigangi. Wacha wanong'one. Fundi alipouliza mbona havui kilemba, alimjibu, "Ukiona nywele zangu utataka kusukwa na wewe." Kumwambia ukweli aliogopa. Ugonjwa wa ovari una miguu: ukiutaja asubuhi, jioni umeshafika sokoni na jina jingine, mgumba. Mchumba wake wa kwanza alimkimbia kwa tetesi tu.

Jumamosi moja fundi akampeleka kwao. Msusi alivaa gauni la kijani lenye mikono mirefu na kilemba cha rangi hiyo hiyo, akapendeza kweli. Lakini uchovu ule ulimlaza akachelewa kuamka, kidonge cha tezi akakimeza njiani. Walipofika, mama mkwe mtarajiwa alikuwa ameshamimina chai.

"Karibu mwanangu, kunywa ingali moto."

"Ahsante mama. Nitakunywa baadaye kidogo."

"Baadaye?" Mama akakitazama kikombe, akamtazama mgeni. "Haya."

Kidogo akaingia shangazi, dada wa marehemu baba yake fundi, mkunga mstaafu, mwanamke asiyejua kunong'ona. Macho yake yalitua kiunoni pa mgeni kabla salamu haijajibiwa.

"Hongera!" akapaza sauti. "Miezi mingapi?"

"Sina mimba, shangazi."

"Usinifiche mimi, nimezalisha nusu ya mtaa huu!"

Ebo! Nani kawaambia watu kwamba tumbo la mwanamke ni ubao wa matangazo, kila apitaye asome kwa sauti? Msusi akatabasamu. Simu yake ikalia mkobani. Fundi, aliyekaa karibu na mkoba, akaingiza mkono amtolee, na pamoja na simu kikatoka kipakiti cha vile vidonge vya hedhi, chenye siku za juma. Kikaanguka katikati ya zulia.

Shangazi alikuwa wa kwanza kukiokota. "Hivi navijua. Nimevigawa miaka ishirini. Vya kuzuia mimba."

Mama akaweka chini kikombe chake. Msusi akamgeukia fundi, maana huyo ndiye aliyekuwa akimngojea. Mtu aliyemtetea kwa nesi mbele ya ukumbi mzima angeshindwaje kumtetea sebuleni kwao?

Fundi alikuwa amekunja uso. Wawili hawa hawakuwahi kulala pamoja, walikubaliana kungoja.

"Unajikinga kwa ajili ya nani?" akauliza.

Msusi akasimama. Akachukua vidonge mkononi mwa shangazi, akavitia mkobani, akafunga zipu.

"Wewe ndiye uliyesema sifuri kwanza," akamwambia. "Leo umenipima na mshale wa shangazi yako."

Akatoka. Chai ikabaki mezani imefunga utando.

Siku kumi na mbili jina la Sifuri liliwaka kwenye simu, na siku kumi na mbili hakupokea. Mbele ya wateja alikuwa mkali. Nyuma ya pazia la saluni alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akamkumbuka. Alimpenda yule mpumbavu. Hilo ndilo lililomwongezea hasira.

Siku ya kumi na tatu, saa tano asubuhi, saluni imejaa, fundi akasimama mlangoni. Shati ni lile la bluu, kalamu tatu, macho mekundu.

"Tunasuka wanawake," msusi akasema bila kugeuka.

"Nilikwenda zahanati kurekebisha mizani. Nikamuuliza daktari, sikutaja jina, kama vidonge vile vina kazi nyingine. Akaniambia vina kazi nyingi. Halafu akaniuliza, mbona unaniuliza mimi na hukumuuliza yeye?"

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba nakuja kukuuliza."

Wateja waliacha hata kutafuna ubani. Msusi akaliweka chini kitana. Akamwonyesha kiti kilichokuwa wazi, fundi akaketi. Kisha, mbele ya kioo na mbele ya watu wote, akakifungua kilemba.

"Tazama vizuri. Hapa utosini pamepukutika, ni tezi. Hapa kidevuni zinaota, ni ovari. Kilo zimepungua mbili tu, nazo zinaweza kurudi. Nitameza dawa ya tezi pengine maisha yangu yote. Watoto, daktari anasema inawezekana, huenda tukachelewa, huenda tukahitaji msaada, na huenda wasije. Hayo ndiyo niliyokuficha, na hapo nami nilikosea. Lakini kuniita malaya mbele ya mama yako, hilo ni kosa lako peke yako."

"Ni langu," fundi akasema. Machozi yalimshuka, hakuyafuta. "Nisamehe, Gramu. Nataka kukuoa. Sina sharti."

"Mimi ninalo. Mpigie mama yako. Weka sauti kubwa."

Fundi akapiga.

"Mama, vile vidonge ni vya matibabu. Ana tatizo la homoni. Hana mwanamume mwingine, mimi ndiye niliyemdhulumu."

"Homoni? Na wajukuu wangu je?"

"Mama, naoa mke. Wajukuu wakija tutawakaribisha."

Msusi akaisogelea simu.

"Na chai yangu aliikataa kwa nini?"

"Alikuwa amemeza dawa nyingine. Lazima angoje saa moja."

"Saa moja tu?" Mama sasa alikuwa amekasirika kweli. "Si angesema! Mimi nilikaa siku kumi na mbili nawaza ameona vikombe vyangu vichafu! Mlete Jumamosi. Chai nitaitia kwenye chupa isipoe."

Saluni nzima ikapiga vigelegele. Msusi hakusema ndiyo. Alimpa fundi ufagio, akamwambia aanzie kwenye kona, na kwa jinsi alivyolitamka hilo kila mtu alielewa kwamba amekubali.

Jumamosi alikwenda bila kilemba, nywele zake chache zimenyolewa fupi, pete kidoleni. Mama alimuuliza dawa kaimeza saa ngapi, kisha akawa anatazama saa ya ukutani kila baada ya muda. Shangazi naye akaingia, macho yakaanza safari yake ile ile ya kiunoni.

"Hongera," akasema, sauti imepungua.

"Hongera ya nini, wifi?" mama akadakia. "Malizia."

Shangazi akatazama dirishani, akatazama zulia. Mwisho akaitazama pete.

"Hongera ya uchumba."

"Ahsante, shangazi," msusi akajibu. "Hiyo naipokea."

Saa yake ilikuwa imetimia. Mama akafungua chupa, akammiminia yeye wa kwanza.