Jibu la Bénite kwa Mama Christa

Mwaka ule wa korona, shule za Butembo zilipofungwa, Bénite aliendelea kuamka mapema kama kawaida. Aliteka maji, akawasha makaa, kisha akampikia uji mama yake, Joyeuse, aliyekuwa na mimba ya miezi minane. Baba alikuwa mji wa Kayna akinunua viazi vya kuuza, kwa hiyo nyumbani walibaki wawili tu.

Kila Jumatatu Mama Christa, mhamasishaji wa afya wa mtaa, alipita akiwa amevaa barakoa. Alisimama hatua chache kutoka mlangoni, akauliza hali ya mjamzito. Lakini Joyeuse hakutaka hata kusikia habari za kituo cha afya. Wanawake wa sokoni walikuwa wamemwambia kwamba ukiingia kule na mimba, unatoka na korona. Miezi miwili ilipita bila kupimwa. Alimwagiza Bénite aseme kwamba mama ni mzima, naye Bénite akasema hivyo hivyo wiki baada ya wiki.

Jumatatu moja Joyeuse aliamka amevimba uso na miguu. Kichwa kilimgonga, na macho yake yaliona vimulimuli. Hata hivyo alimkumbusha bintiye lile jibu. Bénite alitoka nje, Mama Christa alikokuwa amekwisha kusimama. Aliogopa kumwasi mama yake, lakini aliogopa zaidi kumpoteza.

"Mama hayuko muzuri," alisema, machozi yakimlengalenga. "Nilikuwa nakudanganya. Kichwa kinamuuma sana, na uso umevimba."

Mama Christa hakumgombeza. Alimpigia simu Kasonia, muuguzi wa kituo, kisha akaita pikipiki. Joyeuse, akiwa hana tena nguvu za kubisha, alikubali kupakiwa.

Kituoni alikuta mambo ambayo sokoni hayakusemwa. Wajawazito walikuwa na mlango wao, mbali na waliokuwa wakikohoa, na hakuna aliyeingia bila kunawa mikono na kupimwa joto. Kasonia alimpima presha, akaikuta iko juu mno. Alimchoma sindano ya kuzuia degedege, akaiarifu hospitali kuu. Tangu ugonjwa uanze, vituo vya eneo lile vilikuwa vimepatana na hospitali kwamba mjamzito aliye hatarini apokewe bila kungoja. Gari la wagonjwa lilipomfikisha Joyeuse, madaktari wa upasuaji walikuwa wamekwisha kujitayarisha.

Bénite alikaa nje ya chumba cha upasuaji, kwenye benchi, pamoja na Mama Christa. Kabla ya saa sita mchana, mkunga alitoka akitabasamu kwa macho juu ya barakoa yake. Mama alikuwa salama. Mtoto alikuwa msichana wa kilo mbili, mdogo, lakini kilio chake kilisikika mpaka uani.

Majuma mawili mtoto alilala kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, apate joto. Waliporudi nyumbani, baba alikuwa amefika, na majirani walipiga vigelegele kila mmoja mlangoni pake. Jumatatu iliyofuata Joyeuse mwenyewe aliwapeleka kituoni wajawazito watatu wa mtaa wake.

Bénite alimwomba Mama Christa msamaha kwa uongo wa wiki zile zote.

"Kituo kilikuwa tayari, mutoto wangu, na hospitali pia," Mama Christa alimjibu. "Lakini hatuwezi kumtibu mtu ambaye tumeambiwa ni mzima. Siku uliyosema kweli, sisi wote tukapata kufanya kazi yetu."