Jani la Paskazia

Mwaka 1989, kijijini Kagoma, familia ya Mwalimu Kagaruki ilikula kama majirani wake walivyokula. Mama yake, Kokugonza, alitandika jani la mgomba sakafuni. Juu yake alimimina ebitoke, yaani ndizi zilizopikwa na maharage. Wote walilizunguka.

Wote, isipokuwa Paskazia.

Paskazia alikuwa dada wa Mwalimu. Mume wake, mvuvi, alifia visiwani huko ziwani, na Paskazia akarudi nyumbani akiwa na UKIMWI. Mwalimu aliagiza apelekewe kipande chake cha jani chumbani. Kwa siku tatu jani hilo lilirudi na chakula chote. Paskazia alizidi kudhoofika.

"Ugonjwa umemwondolea hamu," Mwalimu alisema baada ya chakula cha mchana, akisahihisha madaftari.

"Jumapili nilipokaa naye, alikula," mama yake alijibu. "Ukaniondoa."

Hapo akaingia Jovitha, mhudumu wa afya, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Mwalimu; maneno hayo aliyasikia mlangoni. Alichungulia daftari.

"Shikamoo Mwalimu. Bado unawafundisha 'hurt'?"

"Marahaba. Ndiyo, kuumiza. Wanakitumia ovyo kitenzi hiki! Huyu ameandika kwamba mvua ilimwumiza."

"Mimi uliniandikia kwa wino mwekundu: 'Nani ameumizwa? Wapi?' Ulisema, bila majibu hayo tusiliandike neno hilo."

"Kumbe ulisikia! Nilidhani ulikuwa unasinzia."

"Basi leo nijibu wewe. Ukila na Paskazia jani moja, nani anaumizwa? Wapi?"

Mwalimu aligeuzageuza kalamu. "Mate... mikono..."

"Hapana, Mwalimu. UKIMWI hauambukizwi kwa kula pamoja, wala kwa kikombe, wala kwa kushikana mikono. Huambukizwa kwa kujamiiana bila kinga, na kwa damu, kama watu wakitumia wembe mmoja. Mama pia anaweza kumwambukiza mtoto tumboni, wakati wa kujifungua au anaponyonyesha. Kabla ya kula tunanawa mikono, kama siku zote. Basi."

"Na akila peke yake," Kokugonza aliuliza taratibu, "nani anaumizwa?"

Jovitha alinawa. Aliingia chumbani, akaketi mkekani, akamega ndizi kwenye jani la Paskazia lililokuwa halijaguswa, akala. Mwalimu alisimama mlangoni, kalamu mkononi. Alikuwa amesoma vitabu vingi, lakini hakuwahi kuona jambo kubwa namna hii likitendwa kwa vidole vitatu. Paskazia alimtazama mgeni wake kana kwamba jua limechomoza mle chumbani. Kisha akanyoosha mkono, akamega naye.

Jioni Kokugonza alichagua jani pana kuliko yote. Mwalimu alimshika dada yake mkono, akamketisha kando yake.

"Nisamehe," alisema.

Paskazia alionja. "Mama, maharage hayana chumvi."

"Mawe, mama yangu! Siku tatu hajala, leo analalamika!" Kokugonza alisema, akicheka huku machozi yakimtoka.

Wakala wote, mpaka jani likabaki kijani kitupu.