Kizibo Kisicho na Tundu

Saa saba na dakika kumi mchana, Jumamosi ya katikati ya Februari, kizibo kiliruka chenyewe kutoka kwenye chupa ya Mzee Vitus, kikagonga silingi bodi, kikatua kwenye sahani ya mchungaji. Povu la pinki likamwagika mezani. Wageni wakanusa. Nani Njombe asiyeijua harufu ile? Ulanzi, pombe ya mianzi.

"Nani kaninywea divai yangu?" Mzee Vitus aliuliza kwa sauti ya chini, kama anauliza nani kafariki.

Ilikuwa divai nyekundu ya Ufaransa, ya mwaka 1982. Vitus aliwapikia wahandisi Wazungu wa barabara miaka kumi na moja, akawamiminia chupa zisizo na idadi, yeye hakuonja hata tone. Siku ya kuagana mkubwa wao akampa moja: "Hii mtu huionja mara moja maishani." Akaitunza. Leo yeye na mkewe Ida wanatimiza miaka hamsini ya ndoa, na Jumatatu anapasuliwa koo. Daktari kamwambia wazi kwamba baada ya hapo atalishwa kwa mpira.

"Ambrose!" alifoka Danford, mpwa wa mzee, mwenye baa Makambako. "Mgema hapa ni wewe, na mianzi yako iko nyuma ya nyumba hii. Napiga simu polisi!"

"Piga!" alijibu Ambrose. "Na yule mteja wako wa baa aliyeapa hafi bila kuionja divai ya mzee, umeshampelekea?"

"Mimi nimefika leo saa nne!"

"Kaeni chini," alisema jirani yao Hyasinta, koplo mstaafu. "Polisi mnaye, anakula."

Alikuwa kwenye sahani ya pili ya kachumbari, maana siku hiyo ilikuwa na uchachu mtamu wa ajabu. Akanawa, akakigeuza kizibo, akaishika chupa. Lebo nyeusi, inanuka moshi. Shingoni, nta ya mshumaa.

"Danford, divai unaizibuaje?"

"Kwa kile cha kuzungusha."

"Kinaacha tundu. Hiki hakina. Ambrose, ulanzi kwenye chupa unauzibaje?"

"Siuzibi, dada. Nachomeka majani tu, upumue. Ukiuziba unalipuka, hata mtoto anajua."

"Basi aliyeziba hivi, na nta juu, hajawahi kuishi na ulanzi."

"Njombe hii? Nani huyo?"

Macho yote yakaenda kwa mchungaji. Akaacha kutafuna.

"Msinitazame mimi."

"Mzee, chupa ilikaa wapi?"

"Darini, juu ya jiko la kuni, pamoja na mahindi ya mbegu. Pale mdudu dumuzi hagusi kitu. Miaka thelathini na moja."

Hyasinta akashusha pumzi. Moshi unaokausha mbegu hukausha na kizibo, na kizibo kilichosinyaa hutoka kwa vidole tu. Akaitazama sahani yake. Kabichi ilikuwa imeingia wekundu.

"Mama Ida," alisema taratibu, "leo hukukamua ndimu."

Ida, kiongozi wa kwaya asiyegusa pombe, akaweka upawa chini.

"Mwacheni Ambrose. Ni mimi. Jumatano niliishusha niifute vumbi, kizibo kikabaki mkononi. Nikaonja. Mimi divai ninayoijua ni ya Meza ya Bwana, lakini siki naijua. Baba Elieza, mume wangu, ilikuwa siki! Ningekwambiaje, na Jumatatu yenyewe hiyo? Nikachanganya ulanzi na juisi nyekundu ya rozela, ufurahi."

"Na siki yenyewe?" aliuliza Danford.

"Mimi nimezaliwa Ipelele, kijiji cha milimani, mwanangu. Chakula hatumwagi."

Danford akairudisha simu mfukoni, akamsogezea Ambrose kiti. Mzee Vitus akawatazama wageni, mmoja mmoja.

"Kwa hiyo wote mmeionja."

"Wote," alisema Hyasinta.

"Na mimi?"

"Bado. Ulikuwa unaisubiri chupa."

Vitus akavuta bakuli la kachumbari. Akalizungusha kidogo, akalileta puani, akafumba macho, vilevile wahandisi walivyokuwa wakifanya na glasi zao. Akatia kijiko kimoja mdomoni, akakaa nacho muda mrefu.

"Imepungua chumvi," alisema, akampa Ida kijiko. "Onja na wewe."