Ukaguzi wa Kesho

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa viatu vya shule, Umeme alivuka ua na kwenda kwenye karakana ya mama yake. Jina hilo alipewa na dada yake, kwa sababu hakuna kazi aliyoifanya taratibu. Alikula kwa kasi, alifua kwa kasi, na siku moja alipiga deki sebuleni kwa kasi mpaka paka naye akapigwa deki.

Karakana ilitengeneza sabuni. Sabuni haidhuru, lakini hutengenezwa kwa soda kali inayounguza ngozi na inayoweza kumpofusha mtu. Ndiyo maana ndani ya chumba cha kuchanganyia aliruhusiwa mchanganyaji peke yake, mtu wa miraba minne waliyemwita Tembo. Nje ya mlango palikuwa na bomba la dharura. Ukivuta mnyororo, maji humwagika kama mvua, ili aliyerukiwa na soda ajioshe papo hapo.

Kazi ya Umeme ilikuwa kuvuta mnyororo huo kabla Tembo hajaanza kazi, kuangalia kama miwani na glovu ni nzima, kisha kuandika alichokiona kwenye fomu iliyobandikwa ukutani. Mama alimpa kazi hiyo kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Mama huyo alikuwa anatafuta cheti cha usalama, na bila cheti maduka makubwa yalikataa sabuni yake.

Mwanzoni Umeme alivuta. Maji yalikuwa ya baridi, tena yalimrukia kwenye soksi. Baada ya muda akajiambia kuwa bomba lililotoa maji jana haliwezi kusahau kazi yake leo. Akaacha kuvuta, akawa anaandika tu, "Maji yanatoka vizuri." Halafu hata kwenda kuandika kukawa usumbufu. Jumapili moja akakaa na kalamu, akaijaza fomu ya wiki nzima mpaka Jumamosi. Mama alipopita hapo alitabasamu. Alitazama mwandiko, hakutazama tarehe.

Alhamisi ya wiki hiyo asubuhi, Umeme akiwa bado anafunga kamba za viatu, mkaguzi wa cheti akabisha hodi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa na maneno machache. Alikagua mapipa, akasoma lebo zake, akauliza mwenye ufunguo wa stoo ni nani. Kila kitu kilimridhisha. Mwishoni akaomba zoezi dogo: Tembo ajifanye amerukiwa na soda machoni, akimbilie bomba akiwa amefumba macho.

Kumbe Tembo alikuwa anaisubiri nafasi kama hiyo tangu azaliwe. Alitoka akiyumba, mikono mbele, akiwaaga ndugu zake mmoja mmoja. Akamwomba mkewe asiharakishe kuolewa tena. Akapapasa ukuta, akaupata mnyororo, akavuta.

Kimya. Akavuta tena. Bomba likakohoa, likamdondoshea mjusi kwenye upara.

Hapo maigizo yakaisha. Tembo alipiga yowe la kweli, akafumbua macho na kutimua mbio, asisimame mpaka nje ya geti. Mama alijaribu kuzuia kicheko, akashindwa.

Mkaguzi hakucheka. Aliiendea fomu, akasoma ya leo, akasoma ya kesho. Akavua miwani yake, akaifuta, akasoma upya.

"Nani ameandika hapa?"

Umeme alitamani ardhi immeze. "Ni mimi," alimjibu mkaguzi.

"Naona hata keshokutwa maji yatatoka vizuri. Una habari zozote za mwezi ujao?"

Tembo, aliyekuwa amerudi akipangusa upara, alianza kucheka. Kisha akalitazama lile bomba kavu, na kicheko kikamkauka. Akakaa juu ya ndoo.

"Jana matone yaliruka yakatua kwenye miwani yangu," alisema polepole. "Kama ningekuwa nimeivua, ningekimbilia hapa."

Umeme akaanza kulia.

Walipotafuta kilichotokea, waligundua kuwa fundi aliyekuja kutengeneza sinki la jikoni wiki ile alifunga koki ya bomba la dharura, akasahau kuifungua. Mtu angevuta mnyororo mara moja tu, angejua. Mkaguzi akaagiza sabuni isitengenezwe mpaka atakaporudi na kukuta ukaguzi unafanywa kweli. Mama hakumpiga Umeme. Alimwambia kwamba hata yeye amekosa, na kwamba tangu siku hiyo watakagua pamoja.

Soksi zikarudia kulowa. Umeme sasa aliandika alichokiona: mnyororo umeshika kutu, mafuta yametiwa, glovu moja imetoboka, imetupwa, leo maji hayakutoka, mtaa mzima umekatiwa. Kwa sababu ya hilo la mwisho, mama akaweka tangi la akiba. Lakini fomu ikajaa kasoro mpaka ikafanana na faili la mgonjwa. Tembo, aliyechoka kukaa bila kazi, akamshauri Umeme aiandike upya, abakize mazuri tu. Umeme alikataa.

Mkaguzi aliporudi, aliuvuta mnyororo mwenyewe. Maji yakamlowesha mpaka kwenye viwiko. Akasoma fomu yote bila haraka, kisha akamwambia mama kuwa kazi inaweza kuanza na cheti kitatolewa. Umeme hakuamini. Akamuuliza kama hakuziona zile kasoro.

"Nimeziona zote, mwanangu," alijibu mkaguzi, akikamua mikono ya blauzi yake. "Fomu isiyo na kasoro hata moja hunitia wasiwasi, maana vitu huharibika. Nikisoma kwamba kitu kiliharibika na kikatengenezwa, najua yupo mtu anayetazama. Na mtu aliyerukiwa na soda machoni haoni kitu. Siku hiyo anayategemea macho yako ya asubuhi. Kwa hiyo tazama kwanza, ndipo uandike."