Nilikwenda Kanazawa Kuposa

— Shunpei, Sapporo kuna nini?

Tulikuwa katikati ya daraja la mbao la mto Asano, tumevaa kimono za kukodi. Alikuwa amenipa simu yake nimpige picha, ghafla ujumbe wa bosi wake ukajitokeza kwenye kioo:

"Hongera. Tarehe mosi uripoti Sapporo."

Akaipokea simu yake.

— Kotone, nilitaka kukwambia leo.

— Umejua lini?

— Wiki tatu sasa.

— Wiki tatu! Na asubuhi kwenye treni ukanimalizia wali wangu wa kaa, kimya?

— Ningeanzaje? Una kazi yako Nagoya, una mama yako. Nikuburute hadi kaskazini kwenye theluji? Nikasema nikupe siku mbili za raha, halafu...

— Halafu uniage? Umenileta Kanazawa kuniaga?

Akainamisha kichwa. Manyunyu yakaanza. Nami nikacheka, kicheko cha hasira, mpaka wapita njia wakageuka.

— Mjinga wewe! Unajua mimi nimekuja kufanya nini?

Nikachomoa kwenye mkoba fomu ya ndoa, ile ya kupeleka ofisi ya jiji. Upande wangu nilikuwa nimeshaujaza wote.

— Nimekuja kukuposa!

— Wewe? Unipose mimi?

— Kwani darajani yuko nani mwingine? Jibu, karatasi inaloa!

— Na kazi yako?

— Mimi nasafisha meno ya watu, Shunpei. Sapporo hawana meno? Na mama nimeshamwambia nakuja kukuposa. Kasema nikirudi bila mume nisimsumbue.

Akanishika bega.

— Ndiyo. Ndiyo, Kotone! Lakini fomu inataka saini za mashahidi wawili, tunawatoa wapi? Kesho alfajiri tunaondoka!

— Kimbia! Ofisi inakaribia kufunga, nami sirudi Nagoya bila mume!

Viatu vya mbao vikalia ko-ko-ko mpaka kwenye nyumba ya wageni tuliyofikia. Mwenye nyumba, Mama Hatsue, alikuwa jikoni anakata figili.

— Mama, tunaomba saini yako!

— Ya mizigo?

— Ya ndoa!

Kisu kikamponyoka.

— Baba! Zima hiyo redio, njoo uozeshe watu!

Mumewe, Mzee Tokuji, akaja akivaa miwani. Akamkazia macho Shunpei.

— Kijana, unampenda, au umenyeshewa tu?

— Nampenda, mzee. Nilikuwa naogopa.

— Mimi huu mwaka wa arobaini na mbili wa ndoa, bado naogopa. Lete kalamu.

— Unamwogopa nani, wewe? — Mama Hatsue akamvuta sikio, huku mkono wa pili unasaini. Mzee naye akasaini, Shunpei akajaza upande wake.

Ofisi ya jiji ilikuwa imebakiza dakika kumi kufungwa. Karani akapitia fomu mstari kwa mstari, kidole kinatembea taratibu. Maji yanachuruzika kwenye kimono zetu. Mwisho akasimama, akainama.

— Hongereni. Kuanzia leo ni mume na mke.

Shunpei akaangua kilio mbele ya foleni nzima.

— Nyamaza, mume wangu, watasema nimekulazimisha.

— Kwani hukunilazimisha?

— Kidogo.

Akanibeba juujuu, viatu vya mbao vikabaki sakafuni.