Korongo Mweupe wa Kibanda cha Kusini

Mwili wa Stoimen, mlinzi wa hifadhi, ulikutwa umenasa kwenye matete ya ziwa lililoganda, ndevu zimegandiana na barafu. Kucha zake zilikuwa zimeng'oka.

"Amehangaika karibu nusu saa," Inspekta Radka Boeva alimwambia Yoana, binti wa marehemu.

"Na watazamaji ndege tisa walikuwa ziwani. Baba alikuwa na sauti, Inspekta. Nani alimsikia akanyamaza? Nataka jina, basi."

Wanane walikuwa pamoja mnarani, upande wa kaskazini. Wa tisa alikuwa Lachezar Minkov, daktari wa meno.

"Saa tatu ulikuwa wapi?"

"Mnarani, nakunywa chai."

"Wenzako hawakukuona."

"Macho yao yamegandia kwenye darubini, wataniona saa ngapi?"

Radka akabadili njia. "Haya, leo umeona ndege gani wa maana?"

Uso ukamchangamka. Akamsogezea daftari mwenyewe, mtu mzima ovyo. Watu hawa, bwana, watamdanganya polisi, mke na hata padri, lakini daftari la ndege hawalidanganyi. Huandika saa, mahali, na kila kinachoweza kumshtua ndege.

Radka akasoma: "Kibanda cha kusini. 3:05, korongo mweupe wa Siberia, mmoja. 3:10, kelele za mtu matetani. Ndege ametulia. 3:38, kimya."

"Kelele za nani?"

Minkov akalitazama daftari kama ndiyo kwanza analiona. "Za Stoimen. Barafu ilimpasukia, akatumbukia."

"Umbali gani?"

"Hatua arobaini."

"Ngazi ya uokoaji si iko ukutani hapo hapo kibandani?"

"Ningetoka angeruka! Inspekta, huyo ndege nimemsubiri miaka thelathini. Nikajua mzee atatoka mwenyewe, barafu ameizoea."

Radka alikuwa ameshika wauaji wengi, lakini huyu alimtia kinyaa.

"Alikuwa anasema nini?"

"Ananiita kwa jina."

"Alijuaje kama upo?"

"Yeye ndiye aliyenipigia simu alfajiri, kwamba korongo ametua. Alikuwa anakuja tumtazame pamoja."

Radka akamfunga pingu.

"Daftari mtanirudishia?" Minkov akauliza. "Bila hilo wenzangu hawatakubali kwamba nilimwona yule ndege."

Radka alilitia daftari kwenye mfuko wa vielelezo, akanawa mikono mara mbili, kisha akatoka kwenda kumpa Yoana jina.